Je, Wajua? Programu Inaweza Kutaja Asili Yake

Programu inayofanya kazi kwenye kompyuta inaweza kutaja hatua halisi ya msimbo iliyoizaa.

Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, kwa kawaida huipa kila hatua inayohifadhiwa kitambulisho cha herufi na tarakimu 40.

Amri ya git describe huitaja hatua hiyo kwa ufupi. Tazama mfano: v1.4-7-g3fa92c1. Lebo ya toleo iliyo karibu ni v1.4. Hatua 7 zimeongezwa baadaye. Herufi g ni ya Git. Zinazofuata ni mwanzo wa kitambulisho.

Je, kuna mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa? Yakiwapo, na amri ikiongezewa --dirty, jibu huishia na neno hilohilo.

Kiini cha Linux hujitaja kwa uname -r. Kikijengwa kutoka Git, kinaweza kuonyesha mwanzo wa kitambulisho hicho.

Tangu toleo la 1.18 la lugha ya programu ya Go, la mwaka 2022, zana za lugha hiyo huweza kupachika kitambulisho kizima ndani ya programu zenyewe.

Ukiripoti hitilafu, nakili jina lote la toleo bila kukata mkia. Mrekebishaji ataufikia msimbo uleule.