Nani wa Kuzamia Naye? Kumchagua Mwenza wa Mbizi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Nilipokuwa Kilwa Masoko kwa ajili ya darsa, mama mmoja wa Songosongo alinijia baada ya sala ya Alasiri. Akaniambia: "Sheikh, mwanangu ana miaka 19 na anataka kwenda kuzamia pweza na wenziwe. Mwaka jana mtoto wa jirani yetu alikwenda na mwenziwe, akarudi mwenziwe peke yake. Tulipomuuliza, hakujua hata saa aliyopotea. Nimzuie mwanangu au nimruhusu?"

Pale nilimjibu kwa ufupi. Haya ni majibu marefu zaidi, kwa ajili yake na kwa familia zote za visiwani, za Kilwa na Lindi na za kwetu Unguja na Pemba.

KUZAMIA NI HALALI

Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Suratun Nahl, aya ya 14, kwamba ametudhalilishia bahari ili tule nyama yake na tutoe humo mapambo ya kuvaa. Baadhi ya mapambo hayo, kama lulu, hupatikana kwa mtu kupiga mbizi. Na wazee wetu wa pwani hii walichonga mihrabu za misikiti kwa matumbawe laini yaliyotolewa baharini. Kazi hii basi si ngeni wala si haramu.

Lakini Mola huyo huyo ametukataza katika Suratul Baqara, aya ya 195, kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu. Kwa hivyo suala la yule mama lina sehemu mbili: mwanawe atakwenda na nani, na kwa masharti gani?

KWA NINI MWENZA

Wazazi wengi hudhani anayezama hupiga kelele na kutapatapa. Mpiga mbizi mara nyingi hafi hivyo. Kinachomsukuma mtu kutaka kuvuta pumzi ni kuongezeka kwa hewa chafu mwilini, yaani kaboni dayoksaidi. Kijana akihema haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama, huitoa hewa ile, na onyo la mwili huchelewa. Akiwa chini hujiona bado ana nguvu. Anapopanda, shinikizo la maji hupungua, oksijeni iliyobaki nayo humwishia, na huzimia karibu kabisa na uso wa maji, kimya kimya.

Mtu huyu huokolewa na mkono ulio karibu, tena upesi. Ikiwa mwenziwe yuko hatua 50 mbali, kichwa chini, akimng'oa pweza wake pangoni, basi amezamia peke yake ingawa walitoka pwani wawili. Mtume (S.A.W.) ametahadharisha juu ya kusafiri peke yake usiku, kama alivyopokea Imam Bukhari kutoka kwa Ibn Umar (R.A.). Chini ya maji kuna upweke mkubwa zaidi ya huo.

SIFA MBILI

Katika Suratul Qasas, aya ya 26, binti wa yule mzee wa Madyan alimpendekeza Nabii Musa (A.S.) kwa baba yake kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Sifa hizo ndizo za kutafuta kwa mwenza wa mbizi.

Nguvu si misuli tu. Ni kujua siku za bamvua na mkondo unaopita baina ya visiwa, na kuweza kukufikia pale ulipo na kukupandisha. Kwa hivyo kina chenu kiwe kile anachokiweza aliye dhaifu baina yenu. Wewe ukiweza pima nane na mwenzio tano, basi nyote ni watu wa pima tano.

Uaminifu ni kuweza kumwacha pweza aende kwa ajili yako, kukiri kuwa amechoka, na kukwambia "leo bahari imekataa, turudi."

Utamjuaje? Imepokewa kwamba mtu mmoja alimsifu mwingine mbele ya Umar (R.A.), naye akamuuliza kama amewahi kusafiri naye au kufanya naye muamala wa fedha. Basi usitosheke na udugu wala ujirani. Muulize nahodha aliyewahi kumchukua, waulize watu wa BMU wa kijiji, kisha mjaribuni pamoja kwenye maji mafupi kabla ya kwenda mwambani.

Wengine huuliza kama ni lazima awe Muislamu. Katika Hijra, Mtume (S.A.W.) na Abu Bakr (R.A.) walimwajiri Abdullah bin Urayqit awaongoze njia, naye hakuwa Muislamu, kwa kuwa alikuwa fundi wa njia na walimwamini. Mwenye kukusaidia kuhifadhi sala zako ni bora zaidi, lakini Muislamu mzembe hafai kwa kazi hii.

FUNGU LA ANAYETAZAMA

Hapa ndipo penye tatizo. Vijana huniambia: "Sheikh, nikikaa juu kumtazama mwenzangu, yeye anapata pweza na mimi sipati kitu." Hilo ni kweli. Asiye na fungu hatatazama.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, ushirika wa kugawana pato la kazi za mikono, yaani sharikatul abdan, hausihi. Wanazuoni wa Kihanbali wameuruhusu, hata katika uwindaji. Dalili yao ni habari ya Ibn Masud, Ammar na Saad (R.A.) walioshirikiana siku ya Badri, Saad akaleta mateka wawili na wenziwe wasilete kitu, ingawa isnadi yake ina maneno. Anayetaka kubaki katika madhehebu yetu ana njia nyepesi: wamwajiri mtazamaji kwa ujira unaojulikana, akipewa wapate wasipate. Vyovyote watakavyochagua, wakubaliane nchi kavu, mbele ya shahidi.

MASHARTI KABLA YA KUTOKA

Al-Khidhr alimwekea Nabii Musa sharti kabla hawajapanda jahazi. Nanyi semeni yenu mapema:

1. Nani amiri? Hadithi aliyoipokea Abu Daud inaamrisha watu watatu wakisafiri wamteue mmoja. Akisema turudi, hakuna mjadala.

2. Mmoja chini, mmoja juu. Aliye juu hageuzi macho mpaka mwenziwe apande, avute pumzi kadhaa na ajibu.

3. Hakuna kuhema haraka haraka, na mapumziko yawe angalau mara mbili ya muda wa kukaa chini.

Wanaozamia na watalii kwa mitungi ya hewa wanahitaji mafunzo kwanza. Wakaguane vifaa, wasizuie pumzi wakati wa kupanda, na wapande polepole, kwani anayepanda kwa pupa anaweza kupooza. Ama kuvua samaki kwa mitungi, sheria ya uvuvi imekataza, kama ilivyokataza baruti. Anayekualika huko usiku hakutakii kheri.

NENO LA MWISHO

Ni kweli kwamba aliyekufa maji amehesabiwa miongoni mwa mashahidi katika Hadithi sahihi. Hiyo ni faraja kwa wafiwa, wala si ruhusa ya uzembe kwa walio hai.

Basi mama yangu, usimzuie mwanao riziki ya halali. Muulize mambo matatu: Nani atakutazama? Analipwa nini? Nani amiri wenu? Akijibu, mwombee dua na mwache aende. Asipokuwa na jibu, mzuie mpaka awe nalo.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu nchi kavu na baharini, na awarehemu waliotangulia. Amin.

Wallahu a'alam.