Njia ya Dawa Mpaka Mapafuni

Mgonjwa wa pumu anayemeza kidonge cha salbutamoli, dawa inayolegeza misuli iliyobana mirija ya hewa, huingiza mwilini miligramu 2 hadi 4 zinazopitia tumboni na kuzunguka na damu mwili mzima, moyo ukienda mbio na mikono ikitetemeka, ilhali mpulizo mmoja wa pampu hubeba mikrogramu 100 tu na huleta nafuu ndani ya dakika chache. Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni njia, na njia hiyo ndiyo inayowashughulisha watafiti wa vyuo na hospitali kadhaa za London.

Njia yenyewe ina vizuizi vingi. Mirija ya hewa hugawanyika mara 23 hivi kabla ya kufika kwenye vifuko vidogo ambamo oksijeni huingia katika damu. Chembe ya dawa inayozidi maikromita 5, yaani sehemu 5 za elfu za milimita, aghalabu hushindwa kukata kona ya koo, hunasa hapo na kumezwa, na iliyo ndogo mno huelea na kutoka tena na pumzi; ndiyo maana dawa ya mapafu hulengwa kuwa na chembe za maikromita 1 hadi 5, na ya puani matone yanayozidi 10, ili yabaki puani yasiteremke.

Katika maabara za famasia, mojawapo ikiwa King's College London ambako dawa za kuvuta zimechunguzwa kwa miaka mingi, safari hiyo huigizwa kwa chombo cha chuma chenye bomba lililopinda kama koo na ngazi kadhaa za matundu yanayozidi kuwa madogo. Pampu ya umeme huvuta hewa, chembe kubwa hujibamiza na kunata kwenye ngazi za mwanzo, ndogo huendelea, kisha kila ngazi huoshwa na dawa iliyonasa hapo kupimwa.

Chombo hicho, hata kiwe bora namna gani, hakina ute. Katika sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mapafu uwe mzito na wa kunata, ute huo huizuia dawa hata ikishafika. Watafiti wa Imperial College London, Oxford na Edinburgh, wakiongozwa na Eric Alton, waliijaribu njia ya pumzi kwa wagonjwa 136 wa ugonjwa huo wenye umri wa miaka 12 na zaidi, katika hospitali ya Royal Brompton ya London na Edinburgh: jeni nzima, badala ya ile yenye kasoro waliyoirithi, iliyofungwa ndani ya vijifuko vya mafuta, ilivutwa kama mvuke mara moja kwa mwezi kwa mwaka mmoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha tofauti ya asilimia 3.7 ya uwezo wa mapafu kati ya waliopewa jeni na waliopewa dawa bandia. Tofauti hiyo ni ndogo, wala haikutosha kuifanya tiba hiyo iingie hospitalini, lakini ilithibitisha kwamba jeni inaweza kupitia pumzi na kuleta manufaa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kazi ya Queen Mary University of London inagusa karibu zaidi. Mradi wa chuo hicho ulioongozwa na Jonathan Grigg uliwahoji wanafunzi zaidi ya 27,000 katika miji sita ya Afrika, Kampala ikiwemo, na asilimia 12 hivi walikuwa na dalili za pumu, ingawa kati yao ni takriban mmoja tu kwa kila watano aliyewahi kuambiwa na daktari kwamba anaugua. Mtoto asiyejulikana kuwa na pumu hapewi pampu, na anayepewa mara nyingi huipuliza kabla hajaanza kuvuta pumzi, dawa ikaishia kooni. Hapo husaidia chemba inayowekwa kati ya pampu na mdomo ili kupunguza kasi ya dawa. Chemba ya dukani ni ghali, na inasikitisha kwamba wazazi wengi hawajaelezwa kuwa utafiti uliofanywa Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu na kuzibwa pembeni hewa isivuje, huwafaa watoto waliobanwa na pumu sawa na ile ya kiwandani.