Jiko zuri huokoa makaa, lakini si la kulala nalo

Msomaji, Juni na Julai zifikapo na baridi ya Kangemi, Uthiru na Dagoretti kupenya hadi mifupani, jiko la makaa huwa na kazi mbili katika nyumba nyingi: kupika na kuota moto. Ndipo makaa yanapoisha haraka kuliko unga. Kabla hujamlaumu mwenye kuuza makaa, litazame jiko lako.

Jiko la kale la bati tupu hutupa moto ovyo. Bati hushika joto upesi na kulitoa ubavuni upesi, sufuria ikaambulia kidogo. Ndiyo sababu mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walishirikiana na mafundi wa jua kali wa Nairobi kuunda jiko jipya, wakipata fikira kutoka jiko la ndoo la Thailand. Nje ni bati, ndani ni udongo uliochomwa. Udongo huo huzuia joto lisitoroke. Likitumiwa vyema, jiko hili huweza kupunguza makaa kwa asilimia 30 hadi 50. Yaani, nyumba inayomaliza mikebe 10 kwa wiki yaweza kubakisha mitatu au zaidi.

Lakini rahisi ni ghali. Uendapo Gikomba au Shauri Moyo kununua, usidanganywe na rangi. Kwanza, chungulia ndani: udongo usiwe na ufa. Ugonge kidogo kwa kidole. Uliochomwa ukaiva hulia kama chungu kizima. Pili, ujaribu kuutikisa. Ukicheza, haukushikanishwa vizuri na bati, nao utavunjika mapema. Tatu, hesabu matundu ya chini na uhakikishe hayakuzibwa, kwa maana moto hupumua kupitia hapo. Nne, fungua na ufunge kimlango cha majivu. Kikifunga sawasawa, utaweza kupunguza moto maharagwe yakishachemka. Mwisho, chagua ukubwa unaolingana na sufuria zako. Jiko kubwa kwa chai ya watu wawili ni kuchoma pesa.

Ukilifikisha nyumbani, usilimwagie maji likiwa moto, udongo utapasuka.

Sasa sikiliza jambo kubwa zaidi. Hakuna jiko la makaa, liwe zuri namna gani, linalofaa kuachwa likiwaka katika chumba mnacholala. Makaa yaliyoiva hayatoi moshi, na hapo ndipo yanapotuhadaa. Hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi humchukua asiamke. Aonaye dalili hizo atolewe nje penye hewa mara moja na kupelekwa hospitali.

Mpikie ndani mkiwa mmefungua dirisha. Mkimaliza kuota moto, jiko litoke nje, watoto waongezewe blanketi, ndipo mlango ufungwe.