Kuitafuta Asili ya Kortisoli Iliyozidi

Maradhi aliyoyaeleza tabibu wa Marekani, Harvey Cushing, mwaka 1912, na ambayo mwaka 1932 aliyanasibisha na uvimbe mdogo wa tezi ya pituitari, hutambulika kwa sura: uso hujaa ukaviringana, tumbo hunenepa ilhali mikono na miguu imekonda, ngozi hupata michirizi mipana ya zambarau, na mgonjwa hawezi kuinuka kitini ila kwa kujikaza. Chanzo ni homoni ya kortisoli iliyozidi. Lakini ni nani aizidishaye?

Kortisoli hutoka katika tezi mbili zilizokaa juu ya figo, nazo hazitendi kwa hiari yake, kwani ubongo hutoa homoni ya CRH, nayo huiamrisha pituitari kutoa homoni ya ACTH, ambayo ndiyo izisukumayo tezi hizo. Basi matabibu, wakiisha kuthibitisha kwamba kortisoli kweli imezidi, huweza kuitoa amri hiyo wao wenyewe na kutazama ni nani aitikaye. Mgonjwa hulazwa, akatiwa mpira mwembamba mshipani, akapigwa sindano ya CRH, aghalabu mikrogramu 100, ambayo huenda ikamfanya ahisi uso ukimwaka joto kwa kitambo. Na damu huchotwa kabla ya sindano, kisha mara kwa mara kwa muda wa saa moja au zaidi, kila kichupa kikiwekwa katika barafu na kuharakishwa maabara, kwa kuwa ACTH huharibika upesi.

Uvimbe wa pituitari, ijapokuwa umeasi, kwa kawaida bado husikia amri, na ACTH hupanda. Uvimbe uliojificha mapafuni au kwingineko, unaotoa ACTH isiyo na idhini, aghalabu hausikii kitu. Ikiwa tezi ya juu ya figo ndiyo yenye uvimbe, ACTH huwa imeshuka tangu awali wala haiinuki. Wako wagonjwa wanaokwenda kinyume na kanuni hii, na kwa ajili yao mipira hupitishwa kutoka mishipa ya kinena mpaka ile inayotoa damu pituitari, ili ACTH ya huko ilinganishwe na ya mkononi. Ikizidi mara tatu baada ya CRH, shaka huondoka: chanzo ni pituitari.

Uangalifu huu si anasa. Zamani wagonjwa wengi walitolewa tezi zote mbili za juu ya figo, na mwaka 1958 ikaelezwa jinsi uvimbe wa pituitari ulioachwa ulivyoweza kukua na ngozi kugeuka nyeusi.

Hata hivyo, kabla ya sindano yoyote, tabibu huuliza habari za dawa, maana sababu iliyo kubwa kuliko zote ni steroidi zitokazo nje, yaani dawa zinazofanya kazi kama kortisoli: vidonge vya prednisoloni, na hata baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa madukani kwetu. Azitumiaye na amwoneshe tabibu kopo lenyewe, wala asiziache ghafula, kwa kuwa tezi zake huenda zimekwisha kulala, na mwili usio na kortisoli kabisa huweza kufa.