Jokofu Likigoma, Kompresa Ipimwe Kabla ya Kubadilishwa

Kwa wakazi wengi wa Kata ya Ijumbi, Wilaya ya Muleba, jokofu si pambo la sebuleni. Mwenye duka hulitegemea kwa soda na maziwa, mama lishe huhifadhi humo samaki wa kesho, na mgonjwa wa kisukari huweka akiba ya insulini, dawa inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi. Kwa sababu hiyo, jokofu linaponyamaza, mwenyewe hukubali haraka akiambiwa kuwa "kompresa imekufa". Kompresa ni miongoni mwa sehemu za gharama kubwa zaidi katika jokofu, ilhali mara nyingi hitilafu huwa nje yake.

Kompresa ni mota iliyofungwa ndani ya chombo cheusi cha chuma, nyuma ya jokofu, kazi yake ikiwa ni kusukuma gesi ya ubaridi. Kompresa ya kawaida ina koili mbili: ya kuwashia na ya kuendeshea. Ubavuni mwake hufungwa relei, inayoisaidia kuanza, na kinga ya joto, ambayo mafundi huiita ovalodi, inayokata umeme mota inapozidiwa.

Mwananchi anaweza kuanza uchunguzi bila kufungua chochote. Kwanza, aangalie taa ya ndani. Isipowaka, ajaribu kifaa kingine kwenye soketi ileile na kuhakikisha kuwa umeme wa LUKU haujakwisha. Pili, asikilize. Kompresa ikiunguruma kwa sekunde chache kisha ikakata kwa mlio wa "tiki", na hali hiyo ikajirudia, inajaribu kuanza na kushindwa. Huenda relei imeharibika, au umeme ni hafifu kuliko kiwango cha kawaida cha volti 230. Waya mrefu na mwembamba wa kuungia umeme nao hupunguza nguvu. Jokofu lichomekwe moja kwa moja ukutani. Taa za nyumba nzima zikififia, taarifa ipelekwe TANESCO.

Tatu, umeme ukikatika na kurudi, jokofu lisiwashwe papo hapo. Gesi iliyosukumwa huwa bado ina shinikizo kubwa upande mmoja, na mota inayoanza dhidi ya shinikizo hilo huvuta umeme mwingi na kupata joto. Kungoja dakika tano huruhusu shinikizo kusawazika. Kifaa cha kulinda jokofu chenye kuchelewesha umeme hufanya kazi hiyo chenyewe.

Hatua zinazofuata ni za fundi. Baada ya kuchomoa plagi na kuondoa relei, atakuta vichwa vitatu vya nyaya kwenye kompresa. Kwa kipimo cha omu, hupima kila jozi. Katika kompresa nzima, kipimo kikubwa hulingana na jumla ya vile viwili vidogo: kama viwili ni 5 na 15, cha tatu kitakuwa karibu 20. Jozi isiposoma kabisa, koili imekatika. Lakini kompresa iliyo moto iachwe ipoe kwanza, kwani baadhi zina kinga ya ndani iliyojikata kwa muda. Hatimaye hupima kila kichwa dhidi ya mwili wa chuma. Kikionyesha mawasiliano, umeme unavuja. Jokofu hilo lisichomekwe tena, kwa maana linaweza kuua. Majokofu ya inveta hupimwa kwa utaratibu tofauti.

Vipimo vikiwa sawa, fundi hubadilisha relei, kapasita au ovalodi, vifaa vya bei ndogo kuliko kompresa. Iwapo kibandiko cha jokofu kimeandikwa R600a, gesi yake hushika moto, hivyo mabomba yasichomelewe na asiye na ujuzi huo.

Wakati wa kusubiri matengenezo, mlango ubaki umefungwa. Chakula hubaki na ubaridi kwa takribani saa nne. Mwenye insulini awasiliane mapema na zahanati au kituo cha afya kuhusu mahali pa kuihifadhi, wala asiigandishe kwenye barafu.

Wananchi wanashauriwa kumwomba fundi awaonyeshe vipimo vyote kabla ya kulipia kompresa mpya. Fundi aliyepima hatashindwa kuvionyesha.