Majarini Ikiisha, Keki Haifi

Hapo zamani, Ufaransa ilitawaliwa na mfalme aliyeitwa Napoleon wa Tatu. Mfalme huyu alikuwa na jeshi kubwa, mabaharia wengi, na miji iliyojaa wafanyakazi wa viwandani wasiomudu bei ya siagi. Siagi ilikuwa ghali, tena ikikaa siku nyingi melini inachacha. Basi zawadi ikatangazwa kwa yeyote atakayetengeneza mafuta ya kupaka mkate, yawe ya bei nafuu na yasiharibike upesi. Mwanakemia mmoja, Hippolyte Mège-Mouriès, alichukua mafuta ya ng'ombe, akayayeyusha polepole, akakamua sehemu iliyo laini, akaikoroga pamoja na maziwa hadi vikashikana. Mwaka ulikuwa 1869, na hiyo ndiyo majarini ya kwanza.

Shikeni jambo hili, wanangu: majarini yenyewe ilizaliwa ikiwa mbadala. Kwa hivyo kopo likikauka, au bei ikipanda, au babu akiambiwa na daktari aiache, mpishi hafanyi ila alichofanya yule Mfaransa. Anauliza: mafuta haya yalikuwa yanafanya kazi gani humu? Kisha anatafuta kingine cha kuifanya kazi hiyo.

Mège-Mouriès aliuza ujuzi wake mwaka 1871 kwa ukoo wa Jurgens, wafanyabiashara wa siagi kule Oss, Uholanzi. Ukoo huo ukaungana na wengine, na mwaka 1930 likazaliwa shirika la Unilever. Ndivyo majarini ilivyofika kwetu. Hapa Nairobi, kiwanda cha East Africa Industries kilitengeneza Blue Band, na hadi leo watoto wengi wanalijua jina hilo kabla hawajajua kusoma. Mafuta ya ng'ombe yalikuwa yamekwisha kuachwa zamani. Majarini ya siku hizi hutokana zaidi na mawese, mafuta ya michikichi, ambayo Kenya huyaagiza kutoka Malaysia na Indonesia na kuyapokea katika bandari ya Mombasa.

Sasa sikieni lililotokea. Mapema mwaka 2022 vita vilizuka Ukraine, nchi inayouza mafuta mengi ya alizeti, na bei ya mafuta ya kupikia ikazidi kuruka duniani kote. Tarehe 28 Aprili mwaka huohuo, Indonesia ikafunga mlango: mawese yasitoke nchini. Ilichukua zaidi ya wiki tatu mlango ufunguliwe tena. Mama anayechoma chapati kando ya barabara Kawangware hakuwahi kukanyaga Indonesia, lakini alihisi katika mkoba wake. Nyumba nyingi zilijifunza mwaka ule kupima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina, na kuuliza lile swali la kazi ya mafuta.

Tuliulize nasi, tuanze na yaliyomo ndani ya kopo. Mwombe mtu mzima asimame nawe jikoni, uweke kijiko kimoja cha majarini katika sufuria yenye moto mdogo. Sikiliza. Inachachatika na kurusha matone. Weka mafuta ya salad peke yake katika sufuria kavu: kimya. Kinachopiga kelele ni maji. Majarini kamili ina mafuta asilimia 80 hivi, na karibu yote yaliyobaki ni maji, pamoja na chumvi kidogo. Zipo za kupaka mkate zenye mafuta machache zaidi, kwa hivyo soma ubavuni mwa kopo kabla ya kuoka. Hii pia ndiyo sababu kukaangia sukuma wiki kwa majarini ni hasara: unalipia maji, nayo yanaishia kukurukia mkononi. Kwa kukaanga, mafuta ya maji yale yanayouzwa kwa kupimwa dukani yanatosha, na hakuna haja ya kulifikiria zaidi.

Kuoka ndiko kwenye mambo. Humo majarini hufanya kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kushika hewa. Mnapokoroga majarini na sukari kwa mwiko hadi rangi ikawa nyeupe na mkono ukachoka, chembe za sukari zinachimba vijishimo katika mafuta yaliyoganda, na kila kijishimo kinabaki na hewa. Ndani ya moto hewa hiyo inavimba na keki inapanda. Kazi ya pili ni kulainisha. Unga wa ngano ukikutana na maji hufanya nyuzi zinazovutika, ziitwazo gluteni. Nyuzi hizo ni nzuri kwa mkate, lakini keki ikiwa nazo nyingi inakuwa ngumu. Mafuta yanaivika kila chembe ya unga kama koti la mvua, maji yasiifikie haraka. Kazi ya tatu ni ladha na unyevu, na katika hii majarini ni dhaifu.

Haya, tuingie sokoni. Kutoka katikati ya jiji ukishika Waiyaki Way, unapita Westlands, kisha unafika Kangemi. Hapo sokoni kuna avokado za kila ukubwa na ndizi mbivu zenye madoa. Ukiendelea na njia ya Wangige utakuta soko linalojulikana kwa mayai. Kumbukeni mayai hayo, tutayahitaji.

Mbadala wa kwanza ni mafuta ya maji: alizeti, au salad ya kawaida. Kwa kila gramu 100 za majarini tia gramu 80 za mafuta, yaani mililita 90 hivi, pamoja na kijiko kimoja kikubwa cha maziwa au maji. Hesabu ile ya asilimia 80 ndiyo inayotuongoza. Lakini mafuta ya maji hayawezi kushika hewa, maana hayana mahali pa kuchimbwa. Kwa hivyo hewa ishikwe na mayai. Piga mayai na sukari kwanza, piga sana, hadi yawe mazito na meupe, ndipo umimine mafuta kidogo kidogo, kisha unga uutie taratibu bila kuupiga. Keki ya namna hii hukaa laini siku ya pili na ya tatu, kwa kuwa mafuta yake hayagandi kwa baridi. Kwangu mimi, hii ndiyo inayofaa zaidi kwa keki ya nyumbani, hasa ile inayookwa juu ya jiko la makaa, sufuria ndani ya sufuria, mchanga chini na makaa machache juu ya kifuniko.

Samli ni habari nyingine. Samli ni siagi iliyochemshwa hadi maji yote yakatoka, kwa hivyo ni mafuta matupu. Nayo pia punguza hadi gramu 80. Nendeni kwenye maduka ya vitafunio ya Ngara na Parklands mkaulize nankatai. Biskuti hizo nene, zinazomumunyuka mdomoni, zilikuja na Wahindi. Hutengenezwa kwa samli, sukari na unga, na iliki ya kunukia, bila yai hata moja. Hakuna majarini inayoweza kutoa harufu ile. Mtu akiniambia anataka biskuti na hana majarini, namwambia amepata bahati.

Siagi yenyewe huchukua nafasi ya majarini gramu kwa gramu, kwa kuwa mafuta na maji yake yanakaribiana. Kenya Co-operative Creameries ilianzishwa mwaka 1925, na siagi ya KCC bado iko madukani. Tatizo lake ni lilelile la mfalme wa Ufaransa: bei.

Kutoka pwani tunapata nazi. Mahamri ya Mombasa hukandwa kwa tui na iliki, na tui hilo linaleta mafuta na maji kwa pamoja, hivyo ukilitumia katika maandazi punguza maziwa au maji mengine. Mafuta ya nazi nayo yana ajabu yake. Huyeyuka yakifika nyuzijoto 24 hivi. Mombasa yanamiminika karibu mwaka mzima. Yapeleke Kikuyu au Kinoo mwezi wa Julai, asubuhi ya ukungu, utayakuta yameganda kiasi cha kuhitaji kisu. Kwa mwokaji wa Nairobi hiyo ni faida, maana mafuta yaliyoganda yanaweza kukorogwa na sukari yakashika hewa. Yaacheni yalainike kidogo tu, yasiyeyuke.

Na avokado? Kwenye mkate, avokado iliyopondwa na chumvi kidogo inaishinda majarini, na huko Kangemi si ghali wakati wa msimu. Kwenye keki nendeni polepole. Avokado ni maji kwa sehemu kubwa, na mafuta yake ni kama asilimia 15 tu. Ondoa nusu ya majarini uweke avokado, usiondoe yote, na keki iwe ya kakao ili rangi ya kijani isiwashtue wageni. Ndizi mbivu karibu haina mafuta kabisa. Inaleta unyevu na utamu, nayo keki yake huwa nzito, ya kukatwa vipande vinene. Ni tamu, lakini usimwahidi mtu keki nyepesi ya siku ya kuzaliwa kwa ndizi peke yake.

Wengine mnapenda kijiko cha majarini ndani ya uji. Karanga zilizosagwa zinafanya vizuri zaidi hapo, na zinaleta protini ambayo majarini haina. Ila ulizeni kwanza kama kuna mtu mezani mwenye mzio wa karanga, maana kwa mtu huyo kijiko kimoja kinaweza kuwa hatari ya maisha.

Kuna onyo jingine nisiloweza kuliruka. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Wilhelm Normann alipata njia ya kuyagandisha mafuta ya maji kwa kuyatia hidrojeni. Njia hiyo, ikifanywa nusu nusu, huzalisha mafuta ya trans, yanayoharibu mishipa ya moyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliyaomba mataifa yote yayaondoe katika chakula. Kwa hivyo mkitafuta mbadala ulioganda, someni pakiti, na mkiona imeandikwa kwamba mafuta yametiwa hidrojeni kwa sehemu, irudisheni rafuni. Wala msiogope kukosa vitamini A kwa kuacha majarini. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini hiyo, na karoti na sukuma wiki zinazo tele.

Mwisho, kumbukeni mnapookea. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 au 95, na keki hupanda upesi kisha huanguka kabla haijaiva katikati. Mkifuata kipimo kilichoandikwa na mtu wa Mombasa au wa London, punguzeni hamira ya unga kidogo, ongezeni kijiko cha maziwa, na msifunue sufuria hadi harufu iwaite. Chomeni kijiti katikati. Kikitoka kikavu, iteni watu.