Jina la Mhusika na Mtego wa Majazi: Somo kutoka Kariokor

Miongoni mwa mbinu ambazo watahiniwa hupenda kuzitaja katika karatasi ya fasihi, majazi haikosi. Sababu yake ni wazi. Majazi ni mbinu ya kumpa mhusika au mahali jina linaloafikiana na tabia au hali yake. Kwa hivyo, mtahiniwa anayeijua maana ya jina huona kwamba tayari ameshajipatia alama. Hapo ndipo anaponaswa. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba maana ya jina hutegemea sana namna lilivyotolewa: nani alilitoa, lini na kwa nini.

Hebu tuanze na jina la mahali. Kariokor ni mtaa wa Eastlands, Nairobi, unaosifika kwa soko lake la vyondo, ndara za ngozi na nyama choma. Mwanafunzi akilichambua jina hili kwa mizizi ya Kiswahili, atatoka mikono mitupu. Jina lenyewe limetoholewa kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichoundwa na Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia (1914-1918), ambacho kilikuwa na kambi mahali hapo. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina kwa njia iyo hiyo. Mwalimu wa isimu atatambua tofauti moja: Kariakoo imefuata mazoea ya Kiswahili ya silabi wazi na kuishia kwa irabu, ilhali Kariokor imebaki na konsonanti mwishoni.

Wapagazi hao walibebeshwa vyakula na risasi za jeshi, na maradhi na njaa yakawaua kwa makumi ya maelfu. Mnamo 2021, ripoti ya tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au yamkini hawakukumbukwa kabisa. Kariokor, basi, ni jina linalohifadhi habari za watu ambao majina yao wenyewe hayakuandikwa. Asiyeijua historia hiyo atalitamka jina kila siku bila kulielewa.

Majina ya watu nayo yana historia zake. Chukua daftari la mahudhurio katika darasa lolote la Eastlands. Utawakuta Otieno, Mutuku na Chausiku wamefuatana. Wa kwanza ana jina la Kijaluo, wa pili la Kikamba na wa tatu la Kiswahili, lakini yote matatu yanataja usiku, wakati wa kuzaliwa. Okoth wa Kijaluo, Wafula wa Kiluhya na Wambua wa Kikamba nao wameitwa kwa mvua. Juma ametokana na Ijumaa na Hamisi na Alhamisi. Desturi hii haikomei kwetu: kwa Waakan wa Ghana, mvulana aliyezaliwa Ijumaa huitwa Kofi.

Wapo pia wanaorithi majina. Miongoni mwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama. Binti wa kwanza hupewa la nyanya mzaa baba na wa pili la nyanya mzaa mama. Jina hapa linaunganisha vizazi. Halisemi lolote kuhusu tabia ya mtoto, ambaye bado hata hajaanza kutambaa.

Sasa turejee katika fasihi. Mwandishi akimwita mwizi Otieno, mtahiniwa hana ruhusa ya kuandika kwamba jina hilo ni majazi kwa kuwa wezi hutembea usiku. Jina hilo linamweka mhusika katika jamii fulani tu. Kosa hili lina madhara nje ya mtihani pia, kwani mwanafunzi anayeitwa Otieno ameketi papo hapo darasani akisikiliza jina alilopewa na wazazi wake likigeuzwa kuwa ushahidi wa wizi.

Mfano mwingine tunaupata katika riwaya ya Chozi la Heri (2014) ya Assumpta K. Matei. Rachael Apondi ana majina mawili kutoka tamaduni mbili. Rachael ni jina la Kiebrania lenye maana ya kondoo jike, na Apondi ni jina la Kijaluo. Anayedai kwamba Apondi ni mpole kwa kuwa jina lake ni la kondoo amesoma kamusi ya majina, hakusoma riwaya. Umulkheri, kwa upande mwingine, ana jina lenye asili ya Kiarabu linalomaanisha mama wa heri. Familia yake inasambaratika na nduguze wanaibwa na Sauna. Hapo jina linakuwa kinaya. Baadaye analelewa na Apondi na Mwangeka, na nduguze wanapatikana. Msomaji makini ataona jina lile lile likibadilika kutoka kinaya hadi majazi kadiri matukio yanavyosonga.

Katika Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora, Mwalimu Majisifu ni majazi bila shaka: anaiba mswada wa Amani na kujitwalia sifa zisizo zake. Mtemi Nasaba Bora ana jina la fahari, ilhali ananyakua ardhi na kumkana mtoto wake. Huyo ni wa kinaya.

Kabla ya kuandika neno majazi, basi, mtahiniwa ajiulize maswali manne. Jina hili lina maana gani, na katika lugha gani? Ni jina la kawaida la jamii fulani, au mwandishi amelibuni ama kulichagua kwa makusudi? Ni matendo yapi katika kazi yenyewe yanayolithibitisha au kulipinga? Mwisho, linamsaidiaje mwandishi kuendeleza maudhui? Akikosa jibu la swali la tatu, heri aliache jina hilo na kutafuta mbinu nyingine.

Zoezi: Waombe wanafunzi wawaulize wazazi wao asili ya majina yao na waandike aya moja kila mmoja. Kisha wateue wahusika watatu katika kitabu teule na kueleza, kwa kutaja matukio, ni jina lipi ni majazi, lipi ni kinaya, na lipi ni jina tu.